Mkia

Saa kumi na mbili na robo, ziwa Kerkini, mwezi wa pili.
Stratos amezima injini ya boti
na kinachosikika sasa ni nyati tu huko ufukweni, wakitafuna.

Mimi ni karani mstaafu wa ofisi ya kodi.
Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri
juu ya vitu visivyosogea.
Leo nimekumbatia lenzi ndefu kama mguu wa meza,
vidole vimekufa ganzi
katika glavu nilizozikata ncha kwa mkasi wa jikoni.

Mwari huondoka majini vibaya,
kama mtu mnene aliyeachwa na basi:
hatua, hatua, hatua,
kila unyayo ukiyachapa maji,
mfuko wa kidevuni mwekundu, manyoya ya kisogoni timtim,
halafu, sijui ni lini hasa,
uzito wote unasamehewa.

Nafyatua.
Nafyatua tena.

Kwenye kioo kidogo: mkia.
Mkia na tone la maji.
Nusu ya bawa, kama stakabadhi iliyochanwa.
Anga tupu, iliyopigwa vizuri sana.

"Unamfukuza," asema Stratos, akimega mkate.
"Ndege hafukuzwi, Evanthia.
Mtangulie. Mngoje pale ambapo bado hajafika."

Rahisi kwake kusema.
Novemba ile, kituo cha mabasi cha Serres,
Fotini wangu akipanda la kwenda Stuttgart,
nilikuwa bado natafuta leso mkobani.
Nikazipungia mkono taa za nyuma.

Saa mbili jua likavuka mlima.
Wari kumi na wanne wakaja chini chini,
ncha za mabawa zikikwangua vivuli vyao.
Nikaiweka lenzi mbele yao, penye kijivu kitupu,
nikabana pumzi,
nikahesabu kama nilivyokuwa nikihesabu pesa za watu,
polepole, bila tamaa.

Picha mia nne na kumi na moja.
Mia nne na kumi nimezifuta kabla ya kushuka botini.

Iliyobaki imekwenda upande, ziwa lataka kumwagika.
Stratos ameingia pembeni na kofia yake ya sufi.
Lakini jicho la mwari, la manjano iliyopauka,
limetoka kali kama ncha ya sindano.

Stratos akaitazama, akapangusa makombo ndevuni.
"Kofia imependeza," akasema.

Nitamtumia Fotini.
Najua atauliza kwanza huyo mzee ni nani.