Sauti Kutoka Chumba cha Pili

Shangazi Nives alivunjika nyonga mwezi wa Januari,
wiki ile upepo wa bora ulipong'oa vigae mjini Trieste
na manispaa ikafunga kamba kwenye kona za barabara
ili wapitao wapate pa kushika.
Nikahamia kwake, ghorofa ya nne,
na begi moja, na maagizo nyuma ya risiti ya duka la dawa:
Asipewe parachichi.
Afunikwe saa tatu usiku.
Usimlazimishe kusema.

Kasuku mwenyewe anaitwa Bepi.
Wa kijivu, mkia mwekundu kama lakiri ya barua,
na jicho la njano linalobana na kutanuka
kama la mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Nilimlazimisha, bila shaka.
Nilisimama mbele ya tundu kama mwalimu wa chekechea:
sema, Bepi, sema habari za asubuhi.
Akageuza shingo. Akajikuna.
Akaniangushia ganda la alizeti kiatuni.
Jirani Duilio alipanda na mjukuu wake waje wamsikie,
wakaketi nusu saa kwenye kochi, kofia magotini;
Bepi kasimama mguu mmoja, bubu kama jiwe la kinu.
Mlango ulipofungwa nyuma yao
akasema, kwa sauti ya Duilio yuleyule,
"Haya, twende zetu."

Nikaanza kuandika saa.
Jumanne asubuhi, maji yanatiririka bafuni: anaongea.
Jumanne mchana kutwa: hakuna.
Alhamisi nilipowasha mashine ya kusaga kahawa, alinitukana,
tusi la bandarini, la kizamani, lenye adabu zake.
Ijumaa nilikaa naye saa nne nzima, sikuambulia neno.
Ijumaa hiyohiyo nikashuka kutupa takataka,
na wakati wa kupanda, nikiwa bado ngazini,
nikamsikia shangazi yangu akicheka ndani ya nyumba.

Nilishika ukuta.
Shangazi yuko hospitali, kitanda cha dirishani,
hata kujigeuza hawezi.

Ndipo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa.
Nikiwa mbele yake anasema kwa shingo,
kwa manyoya, kwa jicho lile;
maneno ya nini kwa mtu unayemwona?
Maneno ni ya kuvuka ukuta.
Porini, kundi likipotea ndani ya majani,
mmoja huita, mwingine huitika,
na wito wenyewe haubebi habari zaidi ya hii:
mimi niko huku, wewe je?
Hodi tu. Hodi ya asiye na mlango.

Nasi tunamsuta mtoto darasani
kwamba anakariri kama kasuku.

Usiku mmoja nilikuwa jikoni, nakaanga kitunguu,
bora ikigonga madirisha kwa ngumi.
Sebuleni akakohoa Ezio, mume wa shangazi:
mara mbili kavu, kisha kile cha tatu cha kusafisha koo.
Ezio, tuliyemzika miaka sita iliyopita.
Halafu sauti ya shangazi: "Uko wapi?"
Kimya.
"Ezio, uko wapi?"

Sikujua ameyaokota lini maneno hayo,
mzee akiwa hai, amejificha roshani na sigara yake,
au baadaye,
nyumba ikiwa na mtu mmoja.
Kitunguu kikaungua.
Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Nipo. Nipo jikoni."
Hakujibu. Nikasikia tu akisaga mdomo wake, taratibu,
kama wanavyofanya wakitaka kulala.

Jumapili nilimpelekea shangazi machungwa na miwani.
"Bepi anasema?" aliuliza.
"Anasema nikitoka."
Akamenya chungwa, akaweka mbegu moja moja
kwenye ukingo wa sahani.
"Na wewe," akasema, "unamwitikia?"