Herufi ya Kumi na Nane

Nilishuka stendi ya Nyegezi saa tisa za usiku,
begi moja, godoro la kukunja,
na kikaratasi cha baba: Kirumba, uliza msikiti wa kijani.
Kutoka Buyenzi hadi hapa ni mpaka mmoja tu,
mihuri miwili, na askari aliyeuliza
unakwenda kusoma nini. Kiarabu. Mwanza?
Akamwita mwenzake aje kunitazama.

Chumba kiko juu ya mawe.
Huku nyumba haijengwi, inapandishwa,
na kila mlango una jiwe lililoutangulia.
Jiwe letu Mama Nkwimba huanikia dagaa.
Wiki ya kwanza shuka, daftari, hata usingizi wangu
ulinuka dagaa.

Ustadhi Tayibu, mtu wa Omdurmani,
alituuliza mmoja mmoja Kiarabu chetu kikoje.
Jibu nilikuwa nalo tangu Kobero.
Nikasimama: ana dhaifu.
Nilidhani neno ni la kwetu sote,
halihitaji kubishiwa hodi.
Ustadhi akaweka mkono kifuani, akainama:
"Karibu sana, mgeni."

Kumbe ndani ya dhaifu kuna herufi
inayokaa chini kabisa ya koo, kama ndoo kisimani.
Ukiiruka, hujasema u dhaifu.
Umesema u mgeni.

Likawa jina. Mgeni, futa ubao.
Mgeni, chaki zimekwisha.
Hata mwuza chapati wa pale kona
alinikopesha kwa jina hilo, akaliandika ukutani kwa mkaa.

Nikaifanyia mazoezi hiyo aini:
bafuni, njiani kwenda Mwaloni,
mbele ya makorongo wanaongoja matumbo ya sangara.
Wao wanayo. Wanaitoa bila kusoma.
Mama Nkwimba akagonga ukuta:
"Mtoto, unatapika?"
Nasoma, mama.
"Kusoma gani huko kwa ng'ombe aliyekabwa?"
Akaniletea tangawizi, na sufuria ya kutapikia, kwa tahadhari.

Nilipougua malaria Ustadhi alikuja na tende,
akakaa jiweni kando ya dagaa.
Akausifu mji. Mama akamkatiza:
"Si Mwanza, mwalimu. Ng'wanza."
Nigwanza, akasema. Nagwanza. Inigwanza.
Alitoka jasho, mzee wa watu,
akarudia mpaka watoto wa jirani wakaja kusikiliza,
na mimi, na homa yangu, nikamwona kwa mara ya kwanza
akiwa upande wetu wa ubao.
Kisha akanyamaza, akalitazama ziwa.
"Maji haya," alisema, "yatafika kwetu kabla yangu."
Mama akamfungia dagaa kwenye gazeti.

Halafu Ijumaa moja, sato wa nazi,
na mimi mlafi, sikutazama.
Mwiba ukasimama palepale Ustadhi alipokuwa akipaonyesha kwa kidole.
Mama ananipiga mgongo, anamwita Yesu,
ananisindilia tonge la ugali nimeze bila kutafuna,
na katika kukohoa, katika machozi,
ikapanda. Nzima. Yenye unyevu wa kisima.
Nikaitoa tena. Na tena.
"Bado umekwama?"
Hapana, mama. Nimeipata.
Akanitazama kama mtu anayehesabu nauli ya hospitali.

Jumatatu nilinyosha mkono bila kuulizwa.
Nikasema sentensi ileile ya siku ya kwanza,
maneno mawili, taratibu, na ndoo yake ndani.
Ustadhi akaweka chaki chini.
"Dhaifu?"
Dhaifu, ustadhi.
"Umeipata wapi?"
Kwa samaki.
Hakucheka. Akasema alhamdulillahi,
akasema kaa, leo ubao atafuta mwingine.

Jioni wingu likanyanyuka kutoka ziwani, jeusi, lenye haraka.
Mama Nkwimba alikuwa bado sokoni.
Nikatoka pekupeku na turubai
kuwaondoa dagaa jiweni
kabla ya tone la kwanza.