Nani Anauliza

Hapa Kadutu ni saa saba za usiku.
Umeme umeondoka kama mgeni asiyeaga.
Kwenye kibanda cha Mugisho wanaume bado wanabishana,
wamewekeana dau la kasiksi, chupa sita,
Pensilvania wanaitaja kama timu ya mpira
iliyowahi kuwafunga.

Dada yangu Nsimire bado yuko mchana.
Kule Aiowa amebakiwa na jua la kidole kimoja.
Anaigeuza simu nimwone kifuani:
kibandiko kidogo, duara, Nimepiga kura.
Uraia wake una miezi saba.
Amesimama nje ya shule, kwenye maegesho ya magari,
koti limemzidi mabega.

Kwa nini Jumanne? namwuliza. Si siku ya kazi?
Anacheka. Hata wao hawajui.

Halafu ananisimulia habari ya simu.
Majuma matatu walimpigia, wakati wa chakula,
kijana mwenye sauti laini:
Mama, uchaguzi ungekuwa leo, ungemchagua nani?
Sauti haikuwa na kosa lolote, anasema,
ila mkono wangu ulianza wenyewe
kutafuta mlango wa kufunga.
Wewe unajua.

Najua.
Mwaka ule mtu mwenye viatu safi alipita mtaani kwetu
(viatu safi, Kadutu, mwezi wa mvua!)
na daftari la mistari kwapani.
Akamwuliza baba swali hilo hilo, kwa upole huo huo.
Baba akamkaribisha kiti, akampangusia vumbi,
akasema: Sisi hapa tunampenda kila mtu.
Jirani Zihalirwa alitaja jina.
Moja tu, na alilitaja vizuri,
kama mtu anayemwita mwanawe aje kula.
Mwezi haukuisha, duka lake la misumari likapigwa kufuli
na kufuli halikuwa lake.

Basi Nsimire alimjibu kijana: Wote. Nawapenda wote.
Mama, ni lazima mmoja.
Andika basi yule unayempenda wewe.
Akasikia vidole vikigonga,
matone ya kwanza juu ya bati,
akajua kwamba ndani ya hesabu yao
ameingia mtu asiyekuwapo.

Kesho yake runinga ikatoa mchoro:
huyu arobaini na saba, yule arobaini na sita,
waliobaki hawajaamua.
Akamwambia binti yake: Watazame hao waliobaki.
Mmoja wao ni babu yako,
anampangusia mgeni kiti.

Na majirani zake, dada? Majirani zake
wanapanda majina kwenye nyasi mbele ya nyumba
kama sisi tunavyopanda mihogo.
Nyumba hii jina hili, nyumba ile jina lile,
na Jumamosi huyu anamwazima yule mashine ya kukatia majani.
Wanachukiana, anasema, usidanganyike,
kuna ndugu hawaketi tena meza moja.
Lakini wanachukiana kwa sauti.
Mimi mwaka mzima nimepanda maua tu.

Nikamwuliza basi. Umempa nani?

Kimya. Gari likapita nyuma yake.
Kisha, kwa sauti ya baba, kavu, yenye adabu:
Nani anauliza?

Tukacheka mpaka mama akagonga ukuta.
Tukacheka kile kicheko kinachoacha maumivu ubavuni.
Alipomaliza akapangusa macho kwa mkono wa koti,
akavuta pumzi,
akalitaja.
Hakunong'ona. Alilitaja jina lote, na la ukoo,
katikati ya maegesho,
na watu wakipita na watoto wao na mifuko yao,
bibi mmoja akimfungulia mbwa mlango wa gari.

Hakuna aliyegeuka.

Niliyegeuka ni mimi, huku,
gizani, simu nimeibana kifuani,
kutazama kama komeo limeshuka.