Kizuri Chajitembeza

Wamesema kizuri chajiuza.
Basi Dzintra, mpiga kodiani wa Riga,
angeshakufa njaa tangu Januari.

Alfajiri hubandika karatasi nguzoni,
gundi ikiganda kabla jina halijanyooka.
Kisha simu: mkahawa wa Cēsis
umejaa hadi Pasaka; wale wa Liepāja
watalipa supu na nusu ya kiingilio,
watu wakija.

Watu wakija.
Akayaandika daftarini, akayapigia mstari.

Walikuja tisa, mmoja wao fundi bomba
aliyeitwa kuzibua sinki.
Aliwapigia kama mia tisa,
halafu, jasho likimchuruzika,
akapita meza kwa meza na kalamu:
nipe namba yako, nitarudi Machi.

Fundi aliandika mbili:
yake,
na ya dada yake anayeolewa Juni.