Viatu vya Mwanamkasi

Tulilikuta Ngomeni, nyuma ya korona iliyokufa,
kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma,
mche wa mkonge umechomoza palipokuwa na taa.
Shevroleti ya sitini na tisa. Meneja Mgiriki
aliliacha na funguo ndani, kama alivyoacha
deni la duka, na mbwa, na kinanda.
Mlinzi alitaka mbuzi wawili na redio.
Nikampa mbuzi watatu, asipate muda wa kufikiri.

Trekta ikalivuta hadi Makorora.
Breki hazipo; Mntambo kashika usukani
anapiga honi kwa mdomo.
Mtoto mmoja akatuuliza njiani:
hilo mnakwenda kulizika wapi?

Mwaka wa kwanza tulipiga msasa. Basi.
Hewa ya Tanga ina chumvi na haina haya:
unakwangua kutu asubuhi, unakwenda kusali,
ukirudi nayo imerudi, imekaa mkao wa kula.
Nilijifunza kuwa bati lina maganda kama kitunguu,
na linaliza vilevile.

Silinda nane. Tano zilikubali.
Pistoni tatu alizichonga Shekiondo wa karakana ya reli,
fundi tona mwenye vidole saba,
asiyeamini kipimo mpaka ameshapitisha ukucha.
Kabureta ilitoka Mombasa, ikapita Horohoro
imeviringishwa kanga kama kichanga,
na mama wa watu akiibembeleza mbele ya forodha:
nyamaza mwanangu, nyamaza.

Gasketi ya sampo ndiyo ilinishinda.
Nilikata katoni ya sabuni, ikalowa.
Nilikata mpira wa tairi, ukayeyuka.
Usiku mmoja nikafungua kabati la mke wangu,
nikatoa viatu vyake vya harusi,
soli nene, ya kizibo, safi,
nikavichana vipande kwa wembe.
Ikashika. Haikudondosha hata tone.
Mwanamkasi hakuuliza. Nami sikusema.
Alikuwa akisema tu, akipita na ndoo,
"Wenzangu wana wake wenza wenye miguu."

Ilipowaka, ilikuwa usiku wa manane.
Bi Chausiku wa nyumba ya pili
akatoka na mabeseni akidhani ni mvua.
Akasimama uani, anatazama nyota,
anatukana.

Jumapili, njia ya shamba, Pongwe.
Mita mia nne kwa kamba ya katani,
fundo kila mita kumi, tulihesabu mara mbili.
Nesi wa Bombo kakaa na bendeji zake, anafuma.
Semdoe na Datsun yake: injini ndogo, mdomo mkubwa.
Na nani kasimama katikati ya njia,
kanga juu ya kichwa, mikono imenyooka?
Sikumwalika. Kaja kwa pikipiki.

Kanga ikashuka.

Gia ya kwanza ilinipiga kifuani kama ngumi ya ndugu.
Ya pili, mkonge ukaacha kuwa mistari
ukawa ukuta, kijani, unapiga kelele,
au ni mimi niliyepiga kelele.
Ya tatu nikaitafuta. Haikuwepo.
Nikaitafuta tena, na Semdoe akanipita
akinipungia mkono, mshenzi yule, polepole.

Sekunde kumi na nne na vichele.
Miaka saba. Nikagawanya kichwani:
nusu mwaka kwa kila sekunde,
na bado nilitaka kurudia.

Waliposukuma gari hadi kivulini
Mwanamkasi akaja, akainama,
akatazama tone jeusi likianguka mchangani.
Moja. La pili.
"Mbona viatu vyangu vinavuja?"

Mntambo alikohoa. Nesi akaacha kufuma.
Mimi nikaingia chini ya gari,
maana ndiko nilikoweza kwenda,
nikanyoosha mkono, nikaomba spana kumi na saba.
Mkono ulionipa ulikuwa na hina.
Ilikuwa kumi na nne.
Nikaipokea.