Simu Haikulia

Dola mia mbili na arobaini, mkono kwa mkono,
ndani ya kabati la nguo huko Tampa,
makoti yametundikwa pande zote kuua mwangwi,
nami nimekalia ndoo ya rangi, natabasamu,
maana Curtis alisema tabasamu husikika.
“Hujambo, huyu ni Megan. Samahani, nimekukosa.
Ni kuhusu dhamana ya gari lako.”
Nilirudia mara kumi na moja. Wakachukua ya saba,
ile niliyovuta pumzi kidogo kabla ya “samahani”,
kama mtu aliyepanda ngazi mbiombio kukufuata.

Mimi si Megan. Naitwa Solveig,
jina la bibi yangu, ambalo Florida nzima
hakuna aliyelitamka likatoka zima.

Mashine haikupiga hodi.
Hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa yenyewe:
ilizunguka uani, kwenye mtambo wa kampuni ya simu,
ikaiacha sauti yangu kisandukuni
kama ndege atagaye kiotani mwa mwenzake,
na mwenye simu akaamka, akaona alama ya ujumbe,
akajilaumu: jamani, nililala fofofo kiasi gani?

Laki nne, Jumanne moja tu.

Kisha mwalimu mstaafu wa Akron, Bwana Pruitt,
akawa anaandika kila ujumbe kwenye daftari la mistari,
saa, dakika, na neno moja la hasira.
Daftari lilipojaa akalipeleka mahakamani.
Sheria ilikuwepo, kongwe kuliko ndoa yangu na talaka yake:
usimpigie mtu kwa sauti ya bandia
wala iliyorekodiwa, kama hajakuruhusu.
Dola mia tano kila kosa.
Mara tatu yake, kama ulijua.

Wakili wa kampuni alivaa viatu vizuri.
Akasema: Mheshimiwa, simu haikulia.
Isipolia, hakuna aliyepigiwa.
Jaji, mama mwenye mafua, akapenga kamasi, akamwuliza:
“Na aliyepitia dirishani,
tuseme hakuingia, kwa kuwa mlango haukugongwa?”

Mimi nilihojiwa kwa video, dakika sita.
Hii ni sauti yako? Ndiyo.
Ulikuwepo ilipomfikia? Hapana.
Ulijua inakwenda kwa nani?
Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu nako kukaandikwa.
Jioni nilisimama jikoni nikalitaja jina langu,
mara mbili, nisikie kama ni bandia.

Wiki ile ile kaka yangu Leif akapiga kutoka Fargo.
“Mama ana mtu wake, Megan. Mna sauti moja.
Kila asubuhi anambonyeza, anamsikiliza na kahawa yake.”
Mama hana gari. Aliiuza ile Buick
mwaka macho yalipoanza kuingia ukungu.
“Nimemwambia afute, hataki.
Anasema, huyu angalau huomba samahani.”

Jumbe kumi na tisa.
Kisheria, elfu tisa na mia tano zingekuwa zake.
Leif alimweleza. Akauliza kama wakimlipa
watamnyang'anya yule msichana.

Tangu Pasaka ya mwaka juzi sikuwa nimempigia.

Nikapiga. Namba hiyo vidole ndivyo vinaikumbuka, si kichwa.
Ikalia.
Labda yuko nje, anawamwagia ndege mbegu
bila glavu, baridi ile, hasikii la mtu.
Ikalia, ikalia,
ikalia sawasawa na matakwa ya sheria,
kisha mwanamke mwingine, asiye na jina hata la uongo,
akaniarifu kwa upole kwamba kisanduku kimejaa
na hakipokei ujumbe mpya.

Nikabaki na pumzi mdomoni,
ile ile, ya kabla ya samahani.