Meza ya Tatu

Riwaya yenyewe ni kuukuu, jalada limepauka
hata rangi yake haina jina tena.
Niliipata katika maktaba ya Kaloleni, mwezi wa Mei,
mvua ikigonga mabati kama mtu anayedai kodi.

Ndani yake mna binti wa mchungaji
anayemchukia mwenye shamba kwa sababu ya viatu.
Viatu vina tope. Kaja navyo mezani hivyo hivyo,
hakucheka, hakuomba radhi, akala, akaondoka.
Basi. Kurasa mia mbili na kumi
binti analibeba tope lile moyoni,
analikausha, analihifadhi, analionyesha wageni.

Nikamcheka. Nikasema, msichana mjinga wewe,
hujui hata alikotoka.

Alitoka kuchimba kaburi la mtoto wa kibarua,
usiku, peke yake, ardhi ngumu,
na baba mtu yuko kitandani hajiwezi.
Lakini hilo halisemwi hadi sura ya thelathini,
posa imeshakataliwa.

Pembezoni mwa kurasa alikuwamo mtu mwingine.
Penseli. Herufi ndogo, zimesimama wima kama mahindi machanga.
"Subiri kidogo, dada."
"Hapa umeteleza."
"Kiatu hakisemi kilikokanyaga."
Nikampenda mtu huyo kabla ya kumjua.
Nikamvisha miwani, nikampa shahada,
nikampa nyumba ya mawe kule Woodley na paka mzee,
nikamfanya mwalimu mstaafu, mwanamke, mpenda chai.
Ni rahisi hivyo. Tukiona maandishi yenye busara
tunayatafutia mkono unaofanana na wetu.

Mlangoni alikaa Ekidor, askari wa zamu ya usiku,
anayeingia kazini saa kumi na moja, mimi nikitoka.
Ekidor wa Lokichar, rungu magotini,
koti la kampuni lenye jina la mtu mwingine kifuani.
Miezi minne sikumsikia akitamka neno.
Mama Wairuri, ninayepanga kwake, alinieleza bila kuulizwa:
watu wa kule ndivyo walivyo, kimya na rungu,
usimzoee.
Sikumzoea. Kila nikipita nilibana mkoba kwapani.

Jumanne moja nikafika sura ya thelathini na moja,
pale binti anapokatiza kijiji bila kumwamkia mtu,
shingo ndefu, macho mbele.
Na penseli ikasema:
"Kama yule wa meza ya tatu.
Namsalimu kila jioni. Hajaitikia hata siku moja."

Nilihesabu kutoka mlangoni. Moja. Mbili.
Nikahesabu tena, kutoka dirishani,
labda kuna meza nimeiruka.
Maandishi yalikuwa mabichi. Nilipitisha kidole, kikachafuka.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Mama Wairuri halijui:
sikio langu la kushoto limekufa.
Homa ya uti wa mgongo, Wundanyi, nikiwa na miaka sita.
Na ukitoka maktaba ya Kaloleni
kiti cha askari kiko kushoto.

Jioni ile nilitoka ubavu ubavu, kama kaa,
nimemtangulizia sikio linalosikia.
Watoto wa shule wakaangua kicheko.
Na sauti ikanijia, nyembamba kuliko nilivyomkadiria,
ya mtu aliyesema jambo hilo hilo mara themanini:

"Habari ya jioni, mwalimu."

Mwalimu! Mimi nauza vifuniko vya simu Gikomba.
Naye alikuwa amenivisha miwani, kumbe,
amenipa shahada, na kiburi cha kwenda nayo.

Nikasema, nzuri.
Nikataka kumweleza habari ya sikio, habari ya viatu,
kumwuliza huwa anasoma saa ngapi, kwa mwanga gani.
Nikasema tena, nzuri.
Akaitikia kwa kichwa, akahamisha rungu
kutoka goti hili hadi goti lile.

Nilipofika barabarani ndipo nikagundua
mkoba bado uko kwapani, umebanwa.
Niliuambia mkono ulegee.
Haukulegea mara moja.